Joto la kaskazi na mvua za masika: Ruhusa si udhaifu

Kila mwaka jamaa zetu wengi huteremka kutoka Lushoto, Njombe na Mbeya kuja kutafuta riziki Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Hufika na nguvu na nia njema, lakini aghalabu hawaambiwi kwamba hali ya hewa ya pwani nayo ina elimu yake. Sisi elimu hiyo tuliipata kwa gharama, na leo tunaona ni wajibu kuieleza.

Tulihamia Dar es Salaam Januari 1998, kufundisha. Kwetu ni Lushoto, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, lakini tulikuwa tumetoka kusoma Khartoum, ambako joto hupita nyuzi 40. Tuliposikia kuwa Dar ni nyuzi 32 tulicheka. Kumbe tarakimu hiyo haisemi yote. Katika hewa kavu ya Khartoum jasho hukauka upesi, na linapokauka huondoka na joto la mwili. Pwani, wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa imekwisha kujaa mvuke wa bahari. Jasho hutiririka lisikauke, na joto likabaki mwilini.

Juma la kwanza tulichimba msingi wa chumba saa saba mchana, hali tumevaa shati zito. Siku ya tatu tukashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, magoti yakaisha nguvu. Jirani yetu, mzee wa Kizaramo, alitukokota hadi chini ya mwembe, akatuvua shati na kutumwagia maji. Kisha akasema: "Mwanangu, jua la huku halishindwi, hungojwa."

Maneno ya mzee yanaafikiana na ya waganga. Mwili wa mgeni huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto. Basi aanze kwa kazi ndogo na kuiongeza kidogo kidogo. Kazi nzito aifanye asubuhi mapema au jua likipunga. Anywe maji kabla ya kiu, na avae pamba nyepesi. Akionekana mtu mwili unawaka na maneno yanamchanganyika, hiyo ni hatari ya kufa: apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na akimbizwe hospitali.

Tulidhani tumekwisha kujifunza. Likaja masika. Usiku mmoja mvua ilinyesha kwa radi, na kijito kilichotutenga na msikiti kikafurika. Mzee yule alituzuia. Tukamjibu kuwa sala ya jamaa haiachwi kwa sababu ya mvua, tukakunja kanzu na kuvuka. Hatukujua kuwa mwanafunzi wetu, kijana wa miaka 14, alikuwa nyuma akitufuata. Maji yakamwangusha. Wanaume wawili walimdaka hatua chache chini, amekwisha kuyanywa.

Mama yake hakutulaumu. Alituuliza tu: "Shehe, ilikuwa lazima mvuke?"

Swali lile lilitunyima usingizi, kwa kuwa jibu tulilijua. Tulikuwa tumesoma, na tukasomesha, kwamba Mtume (S.A.W.) aliagiza sala ya adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali, hadi kupoe. Tulisoma pia kwamba Ibn Abbas, Ijumaa moja ya mvua, alimwamuru muadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao, na walipostaajabu akawaeleza kuwa aliyekuwa bora kuliko yeye alifanya hivyo. Ruhusa ilikuwepo. Sisi tuliiona ni ya wanyonge, na kiburi chetu nusura kimzamishe mtoto wa mtu.

Ndugu msomaji, maji yaendayo kasi, hata yasiyofika magotini, humwangusha mtu mzima. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wetu Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Hakuna aliyewaita mabaharia waoga. Nawe mgeni, ukisikia tahadhari, ahirisha safari. Radi ikilia usikimbilie chini ya mti. Mvua ikikatika, mwaga maji ya madimbwi na ulale ndani ya chandarua, kwa maana mtu wa milimani aghalabu hana kinga ya malaria waliyo nayo wenyeji.

Nasi wenyeji tuna sehemu yetu. Tusimcheke mgeni anayepumzika kivulini tukamwita mvivu. Tumpe maji, tumwonyeshe njia isiyojaa mvua, na tumwambie mapema yale ambayo mzee wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituambia tukakataa kuyasikia.