Gugu Karoti: Adui Mwenye Maua Meupe

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Kandokando ya barabara za Arusha na Kilimanjaro umesimama mmea wenye maua madogo meupe, na wapitao huuona kama pambo. Mmea huo ni gugu karoti. Asili yake ni Amerika, nasi tulilitambua mkoani Arusha mwaka 2010. Hatuna tena udhuru wa kuliita geni.

Kulitambua si kazi ngumu. Likiwa changa, majani yake hutandaa chini, yamekatikakatika mfano wa majani ya karoti. Baadaye shina husimama, lenye michirizi na vinyweleo, likafikia mita moja na kuzidi. Huchanua baada ya majuma machache tu, na mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000.

Madhara yake ni mengi. Shambani hunyang'anya mazao maji na rutuba, na fauka ya hayo hutoa sumu izuiayo mimea mingine kuota. Malishoni hushika pale nyasi zilipokwisha kwa wingi wa mifugo. Ng'ombe hulikwepa, akilazimika kulila, maziwa yake huwa machungu, na mteja huyakataa. Mpaliliaji naye, ambaye aghalabu ni mama asiye na kinga yoyote mikononi, huwashwa na kuvimba ngozi, na chavua yake huchochea pumu.

Basi tufanyeje? Samaki hukunjwa angali mbichi. Ling'olewe pamoja na mizizi kabla ya kuchanua, udongo ungali laini kwa mvua, na mng'oaji avae glavu na kufunika pua. Kufyeka pekee hakutoshi, kwani huchipua upya. Lililokwisha kuchanua lisitupwe njiani. Likaushwe mahali pamoja na kuteketezwa. Malisho yapumzishwe ili nyasi zipate nguvu za kulisonga. Majembe na magurudumu ya matrekta yasafishwe kabla ya kuhama shamba, kwa maana mbegu husafiri na tope. Na kwa kuwa mbegu hukaa udongoni miaka kadhaa, kazi hii hairudiwi mara moja tu, bali kila msimu.

Wapo wanaotumainia mbawakawa wa Meksiko alaye majani yake, aliyeachiwa Australia mwaka 1980 na India mwaka 1984. Mdudu huyo ni msaidizi. Hakulimaliza gugu huko, wala hataondoa wajibu wetu hapa.

Hapana mkulima awezaye kushinda peke yake. Ang'oaye kwake huku jirani amelala, au kando ya barabara pameachwa bila mwenyewe, atavuna jasho bure. Hapana budi kila kijiji kipange siku ya kazi, mipaka na njia zikiwa za kwanza. Nasi viongozi tusiishie kwenye kipaza sauti. Tuiname, tung'oe pamoja na wananchi.