Wiki nane ngumu za kuku wa Bukavu

Bukavu inakula mayai mengi kuliko inayoyataga. Trei zinavuka Ruzizi kutoka Kamembe nchini Rwanda, nyingine zinashuka kwa boti kutoka Goma, na madukani kuku wa barafu kutoka Brazili anamsubiri mnunuzi asiye na muda wa kuchinja. Hata hivyo, kuanzia Bagira hadi Panzi, katika kila parseli iliyobakiza kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, utamkuta mtu aliyewahi kufuga. Mwalimu anayengoja mshahara, mama anayeuza mafuta ya mawese, mwanafunzi wa kilimo aliyemaliza masomo: wote walinunua boksi la vifaranga. Waliofika kwenye yai la kwanza ni wachache.

Ukiwauliza walipoangukia, hawataji soko. Soko lipo. Wanataja usiku fulani wa wiki ya pili, au kuhara damu kulikofuta banda zima katika wiki ya tano. Biashara ya kuku Bukavu inafia utotoni, katika wiki nane za kwanza, na wiki hizo hazina mwenyewe. Mwenye mashine ya kutotolesha anauza kifaranga wa siku moja na kazi yake inaishia hapo. Mfugaji wa mayai anataka tembe aliyekwisha komaa. Anayebeba hatari ya katikati ni mnunuzi mdogo, na mara nyingi ndiye mwenye mtaji na ujuzi mdogo kuliko wote.

Hali ya hewa ya mji huu haimsaidii. Kifaranga anazaliwa na manyoya laini yasiyoweza kumkinga na baridi. Wiki ya kwanza anahitaji joto la digrii 32 hadi 35, kisha linapunguzwa digrii tatu hivi kila wiki mpaka manyoya ya kweli yamfunike, karibu na wiki ya tano au ya sita. Bukavu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi digrii 15 au chini zaidi. Mfugaji wa Uvira, mita 800 hivi kando ya Tanganyika, anaweza kuzima moto mapema. Wa Bukavu hawezi, hasa kati ya Septemba na Mei wakati mvua inapiga mabati na upepo wa ziwa unapenya kwenye mbao.

Kifaranga mwenye baridi hafi peke yake. Vifaranga wanakimbiliana, wanapanda juu ya wenzao kwenye pembe ya banda, na asubuhi unakuta wa juu wako hai, wa chini wamebanwa na kukosa pumzi. Ndiyo maana walezi wenye uzoefu hawaachi pembe: wanazungusha kadibodi au bati jembamba kuwa duara, wanamwaga maranda kutoka kwa maseremala, na kuweka chanzo cha joto katikati. Kisha wanasoma jinsi vifaranga wanavyolala. Wakijirundika chini ya joto, ni baridi. Wakikimbilia ukingoni huku midomo wazi, ni moto mno. Wakisambaa sawasawa na kupiga kelele ndogondogo, mlezi anaweza kwenda kulala. Na kabla ya kulala anamkamata mmoja na kumpapasa gole chini ya shingo. Likiwa limejaa na laini, ameshakula na kunywa. Likiwa tupu, huenda kuna tatizo la joto au la maji, na kesho kunaweza kuwa na maiti.

Joto hilo linatoka wapi? Kwa ramani, Bukavu ingepaswa kuwa mji wa umeme. Ruzizi I inazalisha tangu miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989, zote kwenye mto unaotoka mlangoni pa mji. Lakini umeme huo unagawanywa na nchi jirani, mitambo imezeeka, mji umefurika watu, na balbu ya kulelea vifaranga inazimika saa ambayo baridi ni kali. Basi watu wanarudi kwenye makala, yaani mkaa. Mbabula (majiko ya mkaa) moja au mbili zinawekwa ndani ya duara, zimefunikwa bati lenye matundu ili kifaranga asijiunguze. Makala ni ghali, na msitu unaoyatoa, upande wa Kahuzi-Biega, unalipa gharama yake. Tena kuna hatari isiyosemwa vya kutosha: moshi usioonekana wa makala unaua vifaranga katika chumba kilichofungwa, na unaua watu pia. Familia nyingi zinalea vifaranga katika chumba kilekile wanacholala watoto, kwa sababu ndicho chumba chenye joto na kisichofikiwa na mwizi. Lazima dirisha libaki wazi juu, hata kama linaingiza baridi. Hakuna kifaranga anayestahili roho ya mtoto.

Tuchukue mfano wa vifaranga 100 ili hesabu ionekane. Mpaka wiki ya nane, tembe mmoja wa mayai anakuwa amekula karibu kilo mbili za chakula. Hayo ni magunia manne ya kilo 50 kwa boksi zima. Wakifa 10, bei yao inagawanywa kwa 90 waliobaki, na mfugaji hahisi sana. Wakifa 40, kila mmoja wa wale 60 amebeba bei yake mwenyewe na theluthi mbili ya bei ya mwenzake. Na siku ya kifo ina uzito wake. Kifaranga akifa siku ya tatu amepoteza bei ya kifaranga tu. Akifa wiki ya sita ameondoka na zaidi ya kilo moja ya chakula, makala ya mwezi mzima na karibu chanjo zote. Kwa hiyo kuhara damu, ambako hupiga zaidi kati ya wiki ya tatu na ya sita, kunaumiza mfuko kuliko baridi ya siku za mwanzo, japo baridi ndiyo inayotisha zaidi kwa macho.

Chakula ndicho kinachokula fedha, kwa kawaida zaidi ya nusu ya gharama zote. Kifaranga anataka protini ya asilimia 20 hivi mwanzoni, kisha inashuka hadi 16 anapokuwa tembe. Mahindi yanatoka bonde la Ruzizi na vilima vya Kabare na Walungu, soya inalimwa hukohuko, na protini ya mnyama ni sambaza waliokaushwa na kusagwa. Samaki huyu aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo analisha watu kwanza. Wavuvi wake wanamvua kwa taa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi anapungua, bei inapanda, na mchanganyiko wa vifaranga unapungukiwa bila mtu kutangaza. Hapo mfugaji anaongeza pumba. Tumbo linajaa, lakini kuku anadumaa, manyoya yanachelewa, na wanaanza kudonoana. Hasara hiyo haionekani siku ileile. Inaonekana miezi mitatu baadaye, mayai yanapochelewa.

Mahindi yenye ukungu ni adui mwingine. Katika hewa yenye unyevu kama yetu, gunia lililolazwa sakafuni linaoza upande wa chini, na sumu ya ukungu inamdhuru kifaranga kuliko kuku mkubwa. Wauzaji wengine wanayasaga yote pamoja. Ninalisema kwa uchungu, kwa sababu mnunuzi wa kilo mbili hana namna ya kujua.

Vita vimebana zaidi. Mwaka 2025, mstari wa mapigano ulipokaa kati ya Kamanyola na Luvungi, njia ya mahindi ya bondeni ikawa ya kubahatisha. Kiwanda cha bia cha Bralima, ambacho machicha yake yalikuwa chakula cha nguruwe, ng'ombe na kiasi fulani cha kuku wakubwa, kilisimama. Juni mwaka huo Heineken, mmiliki wa Bralima, ikatangaza kwamba imepoteza udhibiti wa vituo vyake vya Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi. Machicha hayakuwa ya vifaranga, kwa kuwa yana nyuzi nyingi mno, lakini yalipokosekana wafugaji wa nguruwe nao walisukumwa kwenye pumba na mahindi yaleyale.

Vifaranga wenyewe kwa sehemu kubwa wanategemea mpaka. Kifaranga aliyetoka kwenye yai ana akiba ya kiini tumboni inayoweza kumhimili hadi saa 72, na akiba hiyo ndiyo iliyofanya biashara ya kuvusha maboksi iwezekane. Ni muda mfupi, na mpaka hauna uhakika. Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, maelfu ya akina mama wa biashara ndogo ya kuvuka daraja walijikuta bila kazi. Februari 2025, waasi wa AFC/M23 walipouchukua mji, mabenki yalifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza. Dola za mkononi zikawa adimu. Watu wakalipana kwa simu, kwa makato. Mashine ndogo za kutotolesha zinazotengenezwa mjini kwa mbao na taa ya mafuta zinasaidia, ila yai linahitaji digrii 37 na nusu kwa siku 21 mfululizo, na kila umeme ukikatika mwenye mashine anakesha.

Wapo wanaosema basi turudi kwa koo wa kienyeji, anayelalia na kulea bure. Nawaheshimu. Bawa la mama ndilo joto la bei nafuu kuliko yote, na watoto wanaovunja kichuguu kumletea mchwa wanajua lishe kuliko vitabu vingine. Lakini koo wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na vifaranga wake mara nyingi nusu hawafiki wiki ya nane: mwewe, panya, mvua, kideri. Anatosha kwa kitoweo cha mgeni. Kulisha soko la Kadutu kunahitaji njia ya pili pembeni yake.

Njia hiyo ipo tayari kwa majirani na kwingine Afrika, na si ya mashine kubwa. Nchini Ethiopia, kampuni ya EthioChicken ilijengwa juu ya mawakala wanaonunua vifaranga wa siku moja, wanawalea wiki sita hadi nane na chanjo zote, kisha wanawauza wachache wachache kwa familia za vijijini. Nchini Rwanda, Uzima Chicken inafuata mtindo huo kwa kuku wa Sasso, hatua chache ng'ambo ya mto. Mradi wa kuku wa ACGG ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, nchini Tanzania, Ethiopia na Nigeria uliwapa wafugaji kuku waliokwisha kulelewa wiki sita. Katika mtindo huo mlezi anafanya kazi inayojitegemea, na analipwa kwa sababu anauza kuku ambaye hatari yake kubwa imekwisha.

Bukavu ina watu wa kazi hiyo. Vyuo vikuu vya UEA na UCB vinatoa wahitimu wa kilimo kila mwaka, na katika kila mtaa kuna mama mmoja ambaye vifaranga wake hawafi, na majirani wote wanamjua. Kinachomzuia ni ukubwa wa chupa za chanjo. Chanjo ya kideri aina ya La Sota huja katika chupa ya dozi mia kadhaa au 1,000, na ikishachanganywa na maji inafaa kwa saa mbili tu. Mwenye vifaranga 30 anamwaga iliyobaki, au hachanji kabisa. Chanjo ya I-2 inavumilia joto zaidi na inatolewa tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Tanzania inaitengeneza yenyewe. Kwa mji ambao friji zake hazina uhakika, hiyo ndiyo ya kutafutwa kwanza. Mlezi wa vifaranga 300 anaweza kutumia sehemu kubwa ya chupa ndogo siku moja, kisha kualika parseli za jirani zilete wao kabla saa mbili hazijapita.

Miradi ya misaada imegawa vifaranga wa siku moja mara nyingi, kwa nia njema. Naona ni fedha iliyowekwa mahali pasipofaa. Kifaranga wa siku moja aliyepewa familia isiyo na makala ya usiku huo amepelekwa kufa. Fedha ileile ingenunua tembe wachache wa wiki nane kutoka kwa walezi wa hapahapa, na ingewapa walezi hao oda ya uhakika ya kukopea mahindi wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini.

Kabla ya hapo mnunuzi anahitaji kuamini. Tembe aliyechanjwa na asiyechanjwa wanafanana kwa nje, na sokoni yeyote anaweza kudai kwamba wake wamemaliza zote. Kadi rahisi ingetosha: tarehe ya kutotolewa, kideri siku ya 7 na ya 21, Gumboro siku ya 14 na ya 28, ndui karibu na wiki ya saba, na sahihi ya fundi wa mifugo. IPAPEL, idara ya mkoa ya kilimo, uvuvi na ufugaji, ina mafundi wanaoweza kutia sahihi hiyo. Mlezi anayeanza vifaranga wake Juni, kiangazi, angekuwa na tembe wenye kadi mkononi Agosti. Wakinunuliwa wakati huo wangeanza kutaga kati ya Oktoba na Novemba, wiki chache kabla ya Noeli, mayai yanapohitajika zaidi mjini.