Kuizeesha Shaba Bila Kuiharibu

Je, umewahi kuona gita la shaba badala ya mbao? Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Los Angeles, Marekani, John Dopyera na George Beauchamp walianza kutengeneza magita ya madini ili sauti isikike mbali bila spika. Mengine yalikuwa ya shaba ya manjano iliyopakwa nikeli. Siku hizi wapo mafundi wanaochukua gita jipya la shaba na kulizeesha makusudi, lifanane na kitu cha babu.

Sasa sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu shaba ni ile ile tunayoyeyusha kutoka kwa mifereji na kufuli kuukuu ili kupata bangili na hereni. Wateja wengi hawataki ing'ae mno. Kazi yenyewe ni hivi:

1. Ondoa vanishi yote, kisha sugua kwa msasa laini.
2. Osha kwa sabuni na ukaushe. Usiishike tena kwa vidole vitupu, maana mafuta ya mkono huacha madoa.
3. Nyunyizia siki iliyochanganywa na chumvi, uache ikauke. Rudia mpaka upate rangi ya kijani unayotaka.
4. Suuza kwa maji, kausha, kisha paka nta ya nyuki.

Wengine hutumia amonia. Huiweka kwenye kisahani ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na shaba inaning'inia juu bila kuguswa na maji yake. Mvuke huleta rangi ya kahawia kwa haraka. Lakini hapa ndipo penye hatari.

Shaba ya manjano iliyopindwa au kugongwa ikiwa baridi hubaki na mkazo ndani. Ikikutana na amonia, inaweza kupasuka. Zamani jeshi la Uingereza huko India lilishangaa kuona maganda ya risasi yakipasuka ghalani msimu wa mvua. Mwaka 1921 wataalamu walieleza sababu: ni amonia, kama ile itokayo kwenye mkojo wa farasi, pamoja na mkazo ulio ndani ya shaba. Basi bangili ya kugonga yaweza kupendeza leo na kuvunjika mkononi mwa mteja kesho, na jina la kikundi likaharibika.

Dawa yake? Ukishapinda, pasha shaba moto hadi iwe na wekundu hafifu, iache ipoe, ndipo uizeeshe. Itakuwa laini kidogo, lakini haitapasuka upesi. Kitu kilicholehemiwa, kama gita, hakiwezi kurudishwa motoni hivyo, maana viungo vitaachana. Hicho kipe siki tu.

Angalieni pia haya:
- Fanyeni kazi nje, mbali na watoto. Vaeni glavu na mfunike macho.
- Kamwe msichanganye amonia na blichi ya kufulia. Hutoa hewa ya sumu.
- Kutu ya kijani ni sumu. Msizeeshe sufuria wala vikombe.
- Mwambieni mteja ukweli kwamba kitu ni kipya, kimezeeshwa tu. Kuuza kipya kwa bei ya cha kale ni wizi.

Jadilianeni katika kikundi: Ni bidhaa zetu zipi tunazipinda zikiwa baridi? Na je, nani atajaribu kipande kimoja kwanza kabla hatujazeesha mzigo wote?