Je, Wajua? Ngoma ya Chuka ni Somo Zito

Ukishika barabara kuu kutoka Embu kwenda Meru utapita Chuka, nyumbani kwa wapiga ngoma wanaosifika kote Kenya. Ngoma yao ni ndefu. Mpigaji huibana katikati ya mapaja, akaiinamisha na kuipiga kwa viganja, huku akiimba na kucheza. Mikono, miguu na sauti, vyote kazini kwa wakati mmoja! Ustadi huo unastahili heshima ileile anayopewa mpiga piano, na hauwezi kupatikana kwa kusoma nota peke yake.

Kijana wa Chuka anayetaka kusomea muziki hadi shahada anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vitabu navyo vipo: mwanamuziki George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, alitoa kitabu mwaka 1986 kuhusu muziki wa asili wa jamii za Kenya, ala zake na ngoma zake. Ndiye huyohuyo aliyekuwa miongoni mwa watu watano walioandaa Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963, ambao lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto.