Bulo za amortisere ya nyuma: zisilegee pikipiki ikiwa na mzigo



Wengine watajiuliza: watu wa mbegu na udongo wanatafuta nini kwenye pikipiki? Jibu ni jepesi. Viazi, maharagi na fromaji zenu zinashuka mpaka Sake na Goma, na mara nyingi safari inaanza juu ya pikipiki, sababu gari haifiki kila kijiji. Mbegu nazo zinapanda kwa njia ile ile. Mvua ya mwezi wa 9 ikianza, msimu A hausubiri mutu. Pikipiki ya koperative ikilala garaji wiki moja, mbegu zinachelewa wiki moja. Na kwa barabara zetu munajua wenyewe: kulala njiani na mzigo wa watu si mchezo.

Safari hii tunaongea juu ya bulo za nyuma tu, zile za amortisere. Pikipiki nyingi hapa kwetu, TVS ama Boxer, ziko na amortisere mbili nyuma, moja kila upande. Kila moja inashikwa juu kwenye shasi, na chini kwenye mkono wa chuma unaobeba gurudumu. Hizo ni pahali pane. Ya tano ni bulo moja ndefu, inapita nyuma ya motere kutoka upande mumoja mpaka mwingine, na ule mkono wote unapanda na kushuka juu yake. Hiyo ya tano ndiyo watu wanasahau, sababu matope yanaifunika.

Juu ya nini ekru inajifungua yenyewe, na hakuna mutu aliyeigusa? Muangalie jembe. Mpini ukiingia vizuri, munalima siku nzima na jembe halitikisiki. Lakini likianza kucheza kidogo tu, kila pigo linaongeza ule mchezo, na jioni jembe linaruka. Bulo iko vile vile. Munapokaza ekru, bulo inavutika kidogo sana, sawa na mupira, na inataka kurudi. Ile nguvu ya kurudi ndiyo inabana vyuma pamoja. Vyuma vikibanwa vizuri, haviteleze. Nguvu ikipunguka, vinaanza kuteleza huku na huku, hata kwa unene wa unywele, na kila mara vikiteleza ekru inazunguka kidogo. Mujerumani mumoja, Gerhard Junker, alionyesha jambo hili mwaka 1969 kwa mashine aliyoitengeneza ya kutikisa bulo: mtikisiko wa kwenda pembeni ndio unafungua ekru kuliko ule wa kuvuta bulo kwa urefu wake.

Kwa hiyo musilaumu mawe ya Mushaki peke yake. Mawe yanamaliza kazi, lakini mara nyingi kazi ilianza siku amortisere ilifungwa. Fundi alifunga juu ya matope, kutu ama rangi nzito. Ile takataka inasagika katikati ya vyuma, bulo inakosa cha kubana, ekru inabaki huru. Ndiyo sababu amortisere mupya ikazwe tena kisha siku mbili tatu za kazi, hata kama ilifungwa na fundi mukubwa wa Goma.

Iko njia moja ya kuchunga ekru ambayo haiombi pesa nyingi, nasi tunaipenda kupita zingine: verni ya kucha. Osha pahali pote patano, kausha, kaza vizuri, kisha chora mustari mumoja wa verni kutoka ekru mpaka kwenye chuma inachobana. Mustari ukiwa umenyooka, ekru haijatembea. Ukikatika na kila kipande kikaenda kwake, ekru imezunguka. Hata mutu asiyejua kushika kle anaweza kuangalia. Muchague rangi nyekundu ama nyeupe. Verni ya rangi ya mwili haionekani ndani ya vumbi.

Kisha mujaribu gurudumu. Simamisha pikipiki juu ya bekiye ya katikati, shika gurudumu la nyuma, sukuma kushoto na kuume. Mutu mwingine achuchumae aangalie. Mkono wa chuma ukicheza pamoja na gurudumu, ubaya uko kwenye ile bulo ndefu ama kwenye bushi zake. Mkono ukitulia na gurudumu linacheza peke yake, hapo ni rulema. Muangalie pia mipira iliyo ndani ya macho ya amortisere, juu na chini. Ikiliwa, chuma kinagonga chuma, na hata mukaze kila asubuhi, jioni imelegea. Hapo dawa ni mipira mipya.

Upande wa ekru zenyewe, ile yenye pete ya plastiki ndani, wafundi wanaiita nilstop, inasaidia sana. Lakini iangaliwe: ikipita kwenye plastiki kwa vidole tu, bila kle, imechoka, itupwe. Rondele iliyokatwa, ile ya kujikunja, watu wanaiamini kuliko inavyostahili; ikiwa peke yake haizuii ekru kuzunguka pale vyuma vinapoteleza. Kamba ya mupira wa ndani, tunajua inafunga kila kitu huku kwetu, kuanzia chukudu mpaka mulango wa kuku. Kwenye bulo inazuia ekru isianguke njiani, basi. Haibani kitu. Na kuunganisha ekru kwa moto, sawa wengine wanavyofanya, ni kujifungia mulango: moto unachoma mupira wa ndani, na siku ya kubadilisha munakata kila kitu.

Musikaze kwa hasira pia. Mutu anayeweka bomba refu juu ya kle ili apate nguvu anavuta bulo mpaka inashindwa kurudi. Munapokaza na gafla inakuwa laini mkononi, bulo imekufa ama meno yamekatika. Ibadilishwe, musiitume barabarani. Kipimo cha kila bulo kinaandikwa ndani ya kitabu cha pikipiki. Grisi iende kwenye sehemu laini ya ile bulo ndefu, pale panapozunguka. Meno ya bulo yasafishwe, yabaki makavu, sababu mafuta yanafanya mukaze kupita kiasi bila kujua.

Sasa jambo ambalo wamotari hawapendi kusikia. Gunia moja la viazi linaweza kupita kilo 100, na uzito ulioandikwa kwenye kitabu unahesabu dereva pia. Magunia mbili yakikaa nyuma ya gurudumu, amortisere inafika mwisho wake kwenye kila shimo, na pigo lote linaingia kwenye bulo. Hakuna nilstop itashinda hiyo. Afadhali safari mbili. Ama, kama ni lazima, mzigo ukae chini na mbele karibu na dereva, usining'inie mkiani.

Bulo ya chini ikitoka, amortisere inaweza kuingia kwenye sheni ama kwenye gurudumu. Kwenye mteremko wa kuelekea Sake, na mama amebebwa nyuma na mutoto mugongoni, munaelewa maana yake.

Kwa komite: pikipiki ikiwa ya koperative, ekru nayo iwe ya koperative. Motari akilazimishwa kununua ekru kwa mfuko wake mwenyewe, atafunga na mupira na kunyamaza. Weka ekru na bulo za akiba kwenye depo, pamoja na chupa ya verni na kle zinazoingia. Motari aangalie mistari kila asubuhi mbele ya kupakia. Mutu wa depo aangalie tena siku moja mbele ya soko na aandike kwenye daftari: siku, ekru gani imetembea, nani amekaza. Ekru ile ile ikionekana mara tatu kwenye daftari, musiikaze mara ya nne. Fungua, tafuta mupira uliolika ama tundu lililopanuka.