Sumaku Juu ya Kichwa cha Mgonjwa: Tiba au Hirizi?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Baada ya Swala ya Ijumaa hapa Ihanja, mzee mmoja alinivuta pembeni akaniuliza suala ambalo sikuwa na jawabu lake papo hapo. Binti yake ana kifafa tangu utotoni. Mwanawe wa kiume aliyeko Muscat amempigia simu kwamba imezuka tiba mpya: mgonjwa huwekewa sumaku kichwani na maradhi ya ubongo yakaondoka. Mzee ana ng'ombe sita. Je, awauze ampeleke binti nje ya nchi? Na sumaku hiyo siyo hirizi kwa jina jingine? Nilimwomba muda, na haya ndiyo niliyomrudishia.

Wanazuoni wa usuli wana kanuni kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tukifahamu kwanza. Mwaka 1831 Faraday wa Uingereza alidhihirisha kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu nayo. Ndiyo siri ya dinamo ya baiskeli: gurudumu likizunguka taa huwaka, likisimama taa huzimika. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, katika mji wa Sheffield, waliielekeza kanuni hiyo kwenye ubongo. Waliweka koili ya waya juu ya kichwa, wakapitisha umeme mkali kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Nguvu ya sumaku hupenya ngozi na fuvu pasi na kukata kitu, na ndani yake huzaa umeme mdogo unaoamsha mishipa ya fahamu. Walipoiweka juu ya sehemu inayoendesha mkono, vidole vya mtu vilicheza bila yeye kutaka. Nguvu hiyo hulingana na ile ya mashine za picha za sumaku zilizomo katika hospitali kubwa, ila hufika sentimita mbili au tatu tu ndani.

Hapa ndipo inapotengana na hirizi. Mwenye kudai kwamba kitu fulani ni sababu ya kupona hana budi kuleta dalili, ama ya sharia, ama ya uzoefu uliothibiti. Sumaku ya koili ina njia inayojulikana na imepimwa kwa wagonjwa. Bangili za sumaku zinazouzwa sokoni kwa ajili ya presha na baridi yabisi hazina hata moja kati ya hayo: sumaku yake haibadiliki, basi haizalishi umeme wowote mwilini mwa mtu aliyetulia, na mwenye kuivaa akiamini inamkinga yuko karibu sana na mvaa hirizi. Nastaajabu kwamba watu huogopa mashine ya hospitali, kisha hununua bangili.

Wala tiba ya umeme si jambo la jana. Galen alimsogezea mwenye kuumwa kichwa samaki wa umeme angali hai, na Ibn Sina akalitaja jambo hilo katika Qanun. Abdul-Latif al-Baghdadi naye alimweleza samaki wa namna hiyo, raad, wa mto Nile.

Sasa, tiba hii ni ya nani? Marekani iliiruhusu mwaka 2008 kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwafaa, na mwaka 2018 kwa wasiwasi sugu. Mgonjwa huketi kitini akiwa macho, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki nne hadi sita. Wasiwasi huo mafaqihi wanaujua: ni yule anayerudia kutawadha mpaka wakati unatoka. Ibn Qudama aliandika kitabu kizima juu ya watu wa wasiwasi. Kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika juu ya afya ya miili na nafsi pamoja, akatofautisha huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyo na sababu inayojulikana. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba maradhi ya nafsi yamevumbuliwa na Wazungu.

Ama kifafa, mzee wangu, hapa simu ya Muscat imekosea. Sumaku hii si tiba iliyothibiti ya kifafa. Bali katika madhara yake machache, lililo kubwa ni kwamba inaweza, kwa nadra, kumwangusha mtu kifafa, ndiyo maana mgonjwa huulizwa kwanza kama amewahi kuanguka. Wauze ng'ombe kwa jambo hilo? Hapana.

Dawa ya binti ipo karibu zaidi, nayo ni rahisi. Kule Mahenge, tangu miaka ya 1960, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki akawatibu Wapogoro waliotengwa na jamaa zao, akitumia kidonge cha zamani cha fenobabitoni, na wengi walipata nafuu wakarudi katika kazi zao. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Jirani zetu wa Haydom, Mbulu, wameonekana wagonjwa ambao kifafa chao kinahusiana na mabuu ya tegu la nguruwe kwenye ubongo. Asijione salama asiyekula nguruwe, kwani mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha binadamu na kuingia kwenye maji na mboga. Choo na kunawa mikono ni sehemu ya tiba.

Wapo watakaosema: mbona yule mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, alichagua kusubiri kwa ahadi ya Pepo? Ni kweli. Lakini yeye alijichagulia nafsi yake, akiwa mtu mzima mwenye akili. Baba hana haki ya kumchagulia mtoto subira ilhali binti anaangukia kwenye moto wa jikoni. Majmaa ya Fiqhi iliyokutana Jeddah mwaka 1992 ilipitisha kwamba kujitibu huwa wajibu pale kuacha kunapopelekea kufa, kupoteza kiungo au kulemaa.

Na wanaosema ni jini? Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad ameeleza kifafa cha aina mbili, cha roho na cha mwili, na hicho cha pili kina matabibu wake. Kisomo cha Qur'ani kiendelee, na kidonge kimezwe. Kukikatisha ghafla ni hatari, maana huweza kuleta mfululizo wa kuanguka. Kidonge hicho aghalabu humezwa mara moja, usiku, basi Ramadhani haina udhuru wa kukiacha.

Kwa atakayehitaji sumaku kwa sonona au wasiwasi: haifunguzi swaumu, kwa kuwa hakuna kitu kinachoingia tumboni kupitia tundu iliyo wazi. Haitengui udhu, kwa kuwa akili haiondoki. Shoti ya umeme inayofanywa chini ya nusu kaputi hutengua. Mwanamke ataondoa pini za mtandio, maana chuma hakisogezwi hapo, naye hufunua kichwa kwa kadiri ya haja tu. Asipopatikana tabibu wa kike, awepo maharimu au mwanamke mwingine, isiwe faragha.

Mzee, ng'ombe wabaki zizini. Binti aanzie kituo cha afya hapa Ihanja, na ikilazimu aandikiwe rufaa hadi Singida au Mirembe, Dodoma. Akianguka kabla hajafikishwa, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, na moto muuondoe.

Wallahu aalam.