Usiyemsikia Naye Yuko Hewani

Wanaredio wa ridhaa wanaowinda vituo vya mbali wana jibu jepesi kila vurugu zinapozuka hewani: watu siku hizi hawana adabu. Lina ukweli wake, lakini linaficha sababu kubwa zaidi, ambayo ni ya kifizikia. Kwenye mawimbi mafupi, wanaoingiliana mara nyingi ni watu wasioweza kusikiana hata wangetaka. Ndiyo maana naona hiyo inayoitwa adabu ya hewani ni ufundi kwanza, ustaarabu baadaye. Ni njia ya kugawana masafa na mtu ambaye antena yako haina habari zake.

Tutazame bendi ya mita 20, inayoanzia megahezi 14.000 hadi 14.350. Mawimbi yake hupanda hadi ayonosfia, tabaka la juu la anga linalochajiwa na miale ya jua, hupindwa huko, kisha hurudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Yale yanayotambaa juu ya ardhi huishiwa nguvu mapema. Kati ya pale yanapofia na pale yale ya angani yanapotua kuna ukanda ambamo kituo hakisikiki kabisa, na upana wake unaweza kuzidi kilomita 1,000. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 700. Kituo cha Dar, ambacho alama yake ya wito huanza na 5H, na cha Nairobi chenye 5Z, vinaweza vyote viwili kumwita mtu wa Japani kwenye masafa yaleyale, kila kimoja kikidhani kiko peke yake, huku Mjapani akisikia sauti mbili zilizopandana. Hapo hakuna mkosefu. Ndiyo sababu opareta mzoefu, kabla ya kurusha lolote, huuliza kama masafa yana watu, hunyamaza, kisha huuliza tena. Swali la pili si mbwembwe. Huenda la kwanza liliulizwa wakati yule unayeweza kumsikia alikuwa kimya akimsikiliza yule usiyeweza kumsikia.

Masafa mamoja yanaweza kabisa kubeba wengi wakipangiwa zamu. Kwenye megahezi 14.100 kuna mtandao wa vituo 18 vya kupimia hali ya mawimbi, vilivyotawanyika duniani. Cha Kenya kinaitwa 5Z4B. Kila kimoja kina sekunde 10 zake: hutuma alama yake ya wito kwa Morse, kisha milio minne mirefu, wa kwanza kwa wati 100, halafu wati 10, wati 1, na wa mwisho wati 0.1. Baada ya dakika 3 zamu imezunguka yote. Hakuna haja ya kituo kimoja kusikia kingine, kwa kuwa saa ndiyo mwamuzi.

Msafara wa wanaredio unapotua kwenye kisiwa adimu, saa kama hiyo haipo. Orodha ya DXCC ya chama cha wanaredio wa Marekani, ARRL, ina nchi na maeneo 340, na kuna watu waliotumia miaka mingi wakiyatafuta moja moja. (Zanzibar ilikuwa na nafasi yake kwenye orodha hiyo hadi mwaka 1974, ilipoondolewa ikahesabiwa ndani ya Tanzania.) Likipatikana eneo lililokosekana kwa miaka kumi, mamia huita kwa mpigo. Wakiita kwenye masafa yaleyale anayorushia mwenyeji, yaani opareta wa msafara, majibu yake yanafunikwa nao wenyewe. Dawa yake ni kutenganisha masafa: msafara hurusha, tuseme, kwenye 14.195 na kusikiliza kati ya 14.200 na 14.210. Mwenyeji anashika kipande tu cha alama kutoka katika ule msongamano, anasema, "Tatu Alfa, tano tisa," tano tisa ikiwa ripoti ya usikivu. Kuanzia hapo, asiye na 3 wala A katika alama yake hana la kusema. Hesabu yake ni rahisi. Wito mmoja ukimalizika kwa sekunde 20, saa moja inatosha watu 180. Wakilazimika kurudiarudia hadi dakika ipite, ni 60. Anayeendelea kuita ilhali ameshaitwa mwenzake anarefusha foleni ambayo yeye mwenyewe yumo.

Sasa aje aliyesahau kubonyeza kitufe cha kutenganisha masafa, atamke alama yake palepale kwenye 14.195. Kosa lake ni la sekunde mbili. Linalofuata ndilo linaloharibu. Mmoja wa Italia anamfokea aite juu zaidi, "Up! Up!" Wa pili anafoka kutoka Ukraine, wa tatu kutoka Marekani, kisha anakuja wa nne kuwatukana hao watatu. Hewani wanaitwa polisi, cheo ambacho hakuna aliyewapa. Kwa sababu ya ule ukanda usiosikika, kila polisi anaweza kuamini kuwa yeye ndiye wa kwanza kurekebisha na kwamba neno lake moja halitamdhuru mtu. Sekunde mbili zimekuwa nusu dakika, na mwenyeji, ambaye masikio yake yako 14.205, hajui lolote lililotokea. Anashangaa tu kwa nini aliowajibu hawamjibu.

Atakayepinga atasema kuna wanaovuruga kwa makusudi. Wapo. Msafara wa mwaka 2023 kwenye kisiwa cha Bouvet, milki ya Norway katika Atlantiki ya kusini, ulikumbana nao. Sheria haijakaa kimya: Kanuni za Redio za ITU, kifungu cha 15, zinakataza kurusha mawimbi bila sababu au bila kujitambulisha. Lakini kumnasa mtu anayerusha kwa sekunde tano, mawimbi yake yakishuka kutoka angani bara jingine, kunahitaji vituo vya uchunguzi vya nchi kadhaa kushirikiana, na serikali chache zitajisumbua kwa ajili ya burudani ya watu. Isitoshe, mvurugaji mwenyewe huenda yuko mahali ambapo kisiwa hakisikiki. Ushahidi pekee kwamba amefanikiwa ni makelele ya wanaomjibu. Wakinyamaza, hana njia ya kujua kama kuna aliyemsikia.

Wengine husema kompyuta imemaliza mjadala huu. FT8, njia ya kidijitali ya mawasiliano iliyotoka mwaka 2017 kwa kazi ya Steve Franke na Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 1993, hutuma kwa zamu za sekunde 15, na kila mtu hutumia takriban hezi 50 tu. Hata hivyo, ukiitazama hali yake iliyotengenezewa misafara, utakuta wanaoita wanaanzia juu ya hezi 1,000 na msafara unajibu chini ya hapo. Ni utenganishaji uleule, ila sasa programu ndiyo inayoushikilia. Na mwenye kompyuta iliyokosea saa kwa sekunde kadhaa ataita mchana kutwa bila kusomwa.

Pingamizi ninalolikubali ni la nafasi. Kutenganisha masafa kunameza sehemu ya bendi ambayo ni ya wote. Msafara ukiwaacha waitaji watapakae kilohezi 30 na zaidi, watafika 14.230, wanapokutana wanaotumiana picha, na njiani watawakanyaga watu walio kwenye mazungumzo yao, wasio na haja na kisiwa hicho. Hapo lawama ni ya mwenyeji. Ni juu yake kutaja mipaka anamosikiliza na kubaki ndani yake, tena ataje alama yake ya wito mara kwa mara. Opareta anayepitisha dakika kumi bila kujitaja ili aonekane mwepesi huwalazimisha wanaoingia kuuliza "nani huyo?", na wengi watauliza palepale kwenye 14.195, juu ya sauti yake.